Tafiti mpya na majeruhi wa barabarani: lipi lifuatwe, lipi lisubiri

Swali

Daktari, shikamoo. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro. Tunapokea majeruhi wengi wa ajali, hasa wa bodaboda, na mara nyingine tunawafuata hukohuko barabarani kwa gari la wagonjwa. Kinachonisumbua ni kwamba tafiti zinapingana. Chuoni tulifundishwa kufungua dripu mbili kubwa mara moja. Sasa naambiwa dripu inaweza kuua. Tumeletewa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, lakini mwenzangu amesoma kwamba utafiti wa Australia umeonyesha haisaidii. Wengine wanatukataza kabisa kufunga mkanda wa kubana damu. Pia kamati ya kituo ina fedha kidogo na inataka kununua kola za shingo na mbao za kubebea majeruhi. Nitajuaje utafiti upi unanihusu mimi na majeruhi wangu?

Jibu

Marahaba, tabibu. Swali lako la mwisho ndilo linalobeba yale mengine yote, kwa hiyo nalijibu kwanza. Utafiti unakuhusu pale ambapo wagonjwa waliochunguzwa wanafanana na wako, muda uliopita tangu waumie unakaribiana na muda wa wako, na huduma waliyoipata baada ya hatua iliyochunguzwa inafanana na ile watakayoipata wako huko unakowapeleka. Umaarufu wa jarida na upya wa tarehe havitoshi. Tafiti nyingi za huduma ya dharura nje ya hospitali zimefanywa mahali ambapo gari la wagonjwa lina mhudumu aliyesomea kazi hiyo kwa miaka, na hospitali yenye damu, chumba cha upasuaji na daktari wa zamu iko dakika chache mbele. Ukizichukua kama zilivyo, unaweza kumdhuru mtu ambaye angepona kwa kupewa huduma rahisi tu. Lakini ukizikataa zote kwa kusema kwamba hizo ni za wenzetu, utadhuru vilevile, kwa sababu baadhi ya tafiti zenye nguvu kuliko zote katika fani hii zimefanywa kwa wagonjwa wa nchi kama yetu, na mojawapo ilihusisha hospitali ya Muheza, mkoani Tanga.

Nianze na asidi ya traneksamiki, kwa kuwa hapo ndipo uamuzi wako unapoweza kubadilisha matokeo usiku wa leo. Mtu akiumia vibaya, mwili hugandisha damu ili kuziba mishipa iliyopasuka, na wakati huohuo huanza kuyeyusha madonge hayo. Kwa majeruhi wengine uyeyushaji huo huenda kasi kupita kiasi, na dawa hii huuzuia. Utafiti uitwao CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010, ulichukua majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, zikiwemo India, Colombia na Nigeria. Walipangwa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa na wengine kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani yake, bila mgonjwa wala mhudumu kujua nani kapata ipi. Waliokufa kwa sababu yoyote walikuwa 14.5% kati ya waliopewa dawa na 16.0% kati ya wasiopewa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi ukumbuke bei ya dawa yenyewe na idadi ya watu wanaokufa barabarani.

Lakini kiini cha jambo kilikuja mwaka uliofuata, watafiti walipogawa matokeo kulingana na muda uliopita tangu mtu aumie. Waliopewa dawa ndani ya saa 1, vifo vya kutokwa damu vilikuwa 5.3%, dhidi ya 7.7% kwa wasiopewa. Kati ya saa 1 na saa 3 vilikuwa 4.8% dhidi ya 6.1%. Baada ya saa 3 mambo yaligeuka: 4.4% kwa waliopewa na 3.1% kwa wasiopewa. Dawa ileile, dozi ileile, ikitolewa kwa kuchelewa iliambatana na vifo zaidi. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2018, uliojumuisha wagonjwa 40,138 wa ajali na wa uzazi, ulikadiria kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa takriban sehemu moja ya kumi, hadi inapotoweka kwenye saa ya tatu.

Tazama maana yake kwako. Tuseme bodaboda imegongana na lori saa 2:00 usiku. Dereva amelala pembeni ya barabara hadi msamaria mmoja aliposimamisha gari, na amefikishwa kituoni saa 4:45. Moyoni unaweza kuhesabu kwamba amefika sasa hivi na muda bado upo. Umebaki mdogo mno: dakika 15 tu. Ukimpa rufaa bila kumpa dawa, atafika hospitali ya rufaa muda umeshapita, na daktari mwangalifu wa huko atalazimika kumnyima. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza aliyemleta majeruhi, kabla hata ya jina, ni ajali imetokea saa ngapi. Kama hajui kwa hakika, muulize kama jua lilikuwa limezama, au kama basi fulani la usiku lilikuwa limeshapita, kisha andika makadirio hayo kwenye karatasi ya rufaa na useme ni makadirio.

Kwa mtu mzima dozi ya kwanza ni gramu 1. Ampuli iliyo ya kawaida huwa na miligramu 500 katika mililita 5, hivyo unahitaji mbili. Soma lebo kila mara, kwa maana nguvu hutofautiana. Vuta mililita 10 hizo kwenye bomba la sindano na uingize kwenye mshipa mililita 1 kwa kila dakika, ukitazama saa ya ukutani na si kwa kukisia, kwa sababu ikisukumwa haraka presha inaweza kuporomoka. Kazi hiyo ya dakika 10 inaweza kufanywa na muuguzi wakati wewe unaandaa rufaa, au ikakamilishwa ndani ya gari. Dozi ya pili katika CRASH-2 ilikuwa gramu 1 nyingine kwa saa 8. Ukiiweka katika chupa ya mililita 500 kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, hesabu inakupa takriban matone 21 kwa dakika. Hata hivyo usimcheleweshe majeruhi kwa ajili ya dozi hiyo ya pili, kwani hospitali inaweza kuianzisha.

Sasa utafiti wa Australia. Unaitwa PATCH-Trauma, ulichapishwa mwaka 2023, na ulihusu majeruhi 1,310 wa Australia, New Zealand na Ujerumani waliopewa dawa kabla ya kufika hospitali. Mwenzako hakusoma vibaya; amesoma matokeo makuu, na matokeo makuu yalikuwa kwamba hakuna tofauti. Ila swali kuu la watafiti halikuwa nani amekufa na nani amepona. Waliuliza ni wangapi, baada ya miezi 6, wako hai na wanaweza kujimudu kwa kiwango cha kuridhisha, na jibu lilikuwa 53.7% kwa waliopewa dawa na 53.5% kwa wasiopewa. Ukishuka kwenye majedwali unakuta kwamba vifo ndani ya siku 28 vilikuwa 17.3% dhidi ya 21.8%. Takwimu hiyo ya pili haikuwa lengo kuu la utafiti, kwa hiyo isibebeshwe uzito kupita kiasi, lakini inakwenda upande uleule wa CRASH-2. Kinachoonekana ni kwamba baadhi ya waliookoka walibaki na ulemavu mkubwa, jambo zito ambalo familia inastahili kuelezwa kwa ukweli. Haimaanishi kwamba dawa haizuii kifo. Kwa mizani yangu, majeruhi mtu mzima anayevuja damu nyingi au anayeshukiwa kuvuja ndani, ambaye saa 3 hazijatimia, apewe.

Vilevile usipanue matumizi yake zaidi ya ulipo ushahidi. Kwa jeraha la kichwa, utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019 uliona faida kwa wale ambao fahamu zao hazikuwa zimeathirika vibaya sana na waliopewa ndani ya saa 3. Kwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017, wenye wanawake 20,060, uliunga mkono dawa hiyo kwa sharti lilelile la saa 3. Lakini kwa mgonjwa anayetapika damu au kuharisha damu, utafiti wa HALT-IT wa mwaka 2020 wenye wagonjwa 12,009 haukuona vifo vikipungua, na madonge ya damu kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) yaliongezeka kutoka 0.4% hadi 0.8%. Wote hao wanavuja damu, ila chanzo ni tofauti na jibu ni tofauti.

Dawa hii haichukui nafasi ya mkono. Nasema hivyo kwa msisitizo kwa sababu naona vijana wetu wakihangaika kutafuta mshipa huku jeraha la paja likiendelea kutiririka chini ya khanga iliyotupiwa juu yake. Khanga iliyotandazwa juu ya jeraha hunyonya damu na kuificha, haiizuii. Ondoa nguo, futa uone damu inatokea wapi hasa, weka gozi mahali hapohapo, ikiwa jeraha ni la shimo lijaze gozi hadi chini, kisha ukandamize kwa uzito wa mwili wako, mikono ikiwa imenyooka, bila kufunua kuchungulia. Kwa majeraha mengi ya mkono na mguu hilo linatosha.

Lisipotosha, funga mkanda wa kubana damu, na hapa nawapinga waziwazi wanaokukataza. Katika hospitali ya kijeshi ya Marekani mjini Baghdad, mwaka 2006, majeruhi 232 waliofungwa mikanda walifuatiliwa. Waliofungwa kabla ya kuingia shoku, yaani kabla mzunguko wa damu haujashindwa kwa kupoteza damu nyingi, 90% waliishi. Waliofungwa baada ya kuingia shoku, walioishi walikuwa 10% tu. Hakuna kiungo kilichopotea kwa sababu ya mkanda wenyewe. Matokeo hayo yalichangia kuurejesha mkanda katika mafunzo ya dunia nzima baada ya miaka mingi ya kuogopwa.

Ila rudi kwenye lile sharti langu la tatu la mwanzo, kuhusu huduma inayofuata. Majeruhi wa Baghdad walifika kwenye chumba cha upasuaji haraka. Katika vita vya Ukraine, ambako kuwaondoa majeruhi mstari wa mbele huchukua saa nyingi, madaktari wa upasuaji wameeleza juu ya miguu iliyokatwa na figo zilizoharibika kutokana na mikanda iliyofungwa bila ulazima au iliyoachwa muda mrefu. Mazingira yako yako katikati ya hayo mawili. Kwa hiyo funga bila woga pale damu inaporuka au kumwagika bila kusimama, andika saa kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa mahali panapoonekana, na majeruhi akiwa kituoni kwako kabla ya saa 2 kutimia, hayuko kwenye shoku na kiungo hakijakatika, jaribu kuubadilisha: jaza na ukandamize jeraha kwa bandeji imara, legeza mkanda polepole ukiuacha mahali pake, na damu ikirudi ukaze tena. Uliokaa zaidi ya saa 6 usiguswe nje ya hospitali. Kuhusu mikanda ya kubuni, epuka kamba nyembamba na mpira wa baiskeli uliofungwa kwa nguvu ya mkono pekee, kwa sababu mara nyingi huziba vena na kuacha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ikiendelea kusukuma, na jeraha likatoka damu zaidi kuliko mwanzo. Tumia kitambaa chenye upana wa angalau sentimita 4, ukisokote kwa kijiti kigumu hadi damu isimame, na ukifunge kijiti kisifyatuke.

Kuhusu dripu, nakuelewa unavyotatizika, kwa sababu hapa mafundisho ya zamani na ushahidi vimeachana kweli. Mwaka 1994 watafiti wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya majeruhi 598 waliochomwa visu au kupigwa risasi kiwiliwilini na presha yao ikiwa imeshuka. Waliocheleweshewa dripu hadi chumba cha upasuaji waliishi kwa 70%, na waliopewa mara moja waliishi kwa 62%. Sababu inaeleweka: maji mengi hupunguza nguvu ya damu kuganda, huupoza mwili, na presha ikipanda ghafla huling'oa donge ambalo lilikuwa limeanza kuziba. Hata hivyo majeruhi wa Houston walifika kwa daktari wa upasuaji upesi. Wako anaweza kusafiri muda mrefu, na kumwacha bila tone hata moja hadi mapigo ya mkononi yapotee kabisa ni kuipeleka hoja mbali kuliko ushahidi unavyoruhusu. Ninachofundisha ni hiki: zuia damu kwanza, kisha ikiwa mapigo ya mkononi hayashikiki au fahamu zinapungua bila jeraha la kichwa, mpe mililita 250 za maji ya chumvi, mpime tena, na urudie pale tu inapohitajika, ukilenga presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza ya kipimo, ya 80 hadi 90. Mfunike blanketi, hata kama ni mchana wa joto.

Jeraha la kichwa hugeuza maelekezo hayo, na ni kosa kubwa kumwachia presha ya 80 mtu aliyeumia ubongo. Hapo lengo ni presha ya juu isiyopungua 110 na oksijeni isiyoshuka chini ya 90%. Huko Arizona, mradi uitwao EPIC, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, ulifundisha wahudumu wa magari ya wagonjwa mambo matatu tu: wasiruhusu oksijeni ishuke, wasiruhusu presha ishuke, na wasimpulizie mgonjwa kwa kasi. Kwa majeruhi wote kwa jumla tofauti haikuonekana, lakini kwa walioumia vibaya uwezekano wa kuishi uliongezeka takriban maradufu. Hakuna mashine ya ajabu iliyohusika. Jambo hili nalipenda kwa sababu unaweza kulifanya kituoni kwako kwa kipima oksijeni cha kidoleni, mtungi wa oksijeni na mfuko wa kupulizia: bana mfuko mara moja kila sekunde 6, si zaidi, hata kama hofu inakusukuma kubana upesi.

Usichanganye majeruhi na mgonjwa wa homa, maana ule usemi kwamba dripu inaua umetokana zaidi na tafiti za maambukizi. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulichukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Teule ya Muheza. Waliosukumiwa maji kwa haraka walikufa kwa zaidi ya 10% ndani ya saa 48, na wasiosukumiwa kwa 7.3%. Kabla ya hapo, mwongozo ulioheshimika duniani ulikuwa ukielekeza kinyume, na ulitokana na uzoefu wa hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Mwaka 2017 utafiti wa Lusaka kwa watu wazima 209 wenye maambukizi makali na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi, ulionyesha jambo hilohilo: waliopewa maji kwa wingi chini ya utaratibu maalumu walikufa kwa 48.1%, na waliopata huduma ya kawaida kwa 33.0%.

Sasa zingatia walioachwa nje ya FEAST: watoto wa kuharisha, wenye utapiamlo mkali, walioungua na walioumia. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha bado anahitaji maji, na nimeona wahudumu wakimnyima kwa jina la utafiti ambao haukumgusa kabisa. Ukipata utafiti wowote, kabla ya kusoma matokeo tafuta aya inayotaja nani hakuruhusiwa kushiriki. Hiyo ndiyo itakayokuokoa na makosa mengi kuliko aya nyingine yoyote.

Kola na mbao nitazimaliza haraka. Mwaka 1998 watafiti walilinganisha majeruhi wa uti wa mgongo wa Malaysia, ambao hawakuwekewa chochote njiani, na wa New Mexico, ambao wote walifungwa kwa vifaa. Ulemavu wa neva ulikuwa 11% Malaysia na 21% New Mexico. Idadi ilikuwa ndogo na wagonjwa hawakupangwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hauthibitishi kwamba vifaa vinadhuru, lakini tangu wakati huo hakuna ushahidi madhubuti uliojitokeza kuonyesha kwamba ubao mgumu unaokoa uti wa mgongo, huku madhara yake yakijulikana: vidonda vya mgandamizo, maumivu, kupumua kwa shida, na muda unaopotea. Kwa aliyechomwa kisu au kupigwa risasi usifunge shingo kabisa. Kwa aliyegongwa, shikilia kichwa kwa mikono, mgeuze mwili wote kwa pamoja watu watatu au wanne, mlaze kwenye godoro la machela na uondoke. Kamati yako isitumie fedha yake ya kwanza huko.

Itumie kufundisha watu wanaomgusa majeruhi kabla yako. Huko Kumasi, Ghana, madereva 335 wa magari ya abiria walifundishwa huduma ya kwanza, na matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Miongoni mwa waliofuatiliwa baadaye, 61% walikuwa wamekwisha kumhudumia majeruhi tangu mafunzo, na hatua ya kuzuia damu isitoke, ambayo kabla ya hapo ilitajwa na 4% tu, ilifikia 42%. Kampala nako walifundishwa polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa. Lakini ushahidi ulionigusa zaidi unatoka kaskazini mwa Iraq na Kambodia, kwenye maeneo ya mabomu ya ardhini, ambako kati ya mwaka 1997 na 2001 wahudumu 135 wa hukohuko na wanavijiji 5,200 walifundishwa. Wastani wa kumfikisha majeruhi hospitali ulikuwa saa 5.7, mrefu kuliko wako, na bado vifo vilishuka kutoka makadirio ya awali ya 40% hadi 14.9%. Makadirio yale ya awali yana udhaifu wake, kwa kuwa yalikusanywa kabla ya mfumo wa kumbukumbu kuwepo, lakini hata ndani ya miaka ya mradi wenyewe vifo vilipungua kutoka 23.9% mwaka wa kwanza hadi 8.8% mwaka wa mwisho. Ikiwa kuna utafiti unaofanana na barabara yako, ni huo.

Anza na vijiwe vya bodaboda vilivyo karibu na sehemu zenye ajali nyingi, pamoja na wauza matunda na mama lishe wa stendi, maana wao huwepo ajali inapotokea na wataendelea kuwepo. Wafundishe mambo machache kwa vitendo, kila mmoja akikandamiza, akifunga na akigeuza mwenyewe: usalama wao kwanza barabarani, kukandamiza jeraha, kumlaza ubavu aliyepoteza fahamu ili asipaliwe na damu au matapishi, kumbeba bila kumvuta mkono na mguu, na kutazama saa. Wape glavu na vitambaa safi vilivyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu mtu asiye na glavu huogopa damu ya mwenzake, na woga huo una msingi. Rudia mafunzo baada ya miezi kadhaa, kwani ujuzi wa mikono usiotumika hufifia, na madereva wa vijiweni hubadilika.

Kabla hujaanza, ongeza safu tatu kwenye rejista yenu ya majeruhi: saa ya ajali, saa ya kufika kituoni, na kama damu ilikuwa imezuiwa alipofika, ndiyo au hapana. Jaza safu hizo kwa miezi mitatu kabla ya mafunzo na uendelee kuzijaza baada yake. Mganga mfawidhi akizipeleka takwimu hizo kwa mganga mkuu wa wilaya pamoja na idadi ya waliopewa traneksamiki ndani ya saa 3, kamati itakuwa na msingi wa kuomba fedha za awamu ya pili, na wewe utajua kama yale yaliyotokea Kumasi yanatokea pia kwenye barabara yenu.